Pleya Mpya na Msiba Usio na Marehemu

Walisema kule Kisiba kuna mama alitumiwa sauti na dada yake kwenye simu, sauti nzito, kama mtu anaongea akiwa ndani ya pipa. Akacheka, akasema dada ana mafua. Kabla maharage hayajaiva jikoni, watu wakaingia uani kumwambia dada yake amefariki tangu jana yake. Sasa ile sauti ilirekodiwa na nani?

Aliyeniambia ni Agness, tunauza naye ndizi meza moja sokoni. Nikamuuliza huyo mama wa Kisiba anaitwa nani.

"Mama Lilian na wewe!" akasema. "Mimi nimesimuliwa na mtu aliyesimuliwa. Jina la nini tena?"

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi ile habari niliibeba mpaka nyumbani Bulyaga, hapa Tukuyu, nikapika nayo, nikalala nayo, asubuhi nikaamka nayo. Neno "wanasema" lina nguvu kwangu kuliko barua yenye mhuri.

Nawaandikia kina mama wenzangu, hasa wenye mabinti walioolewa mbali. Shule niliishia darasa la saba, ila kwa niliyoyafanya wiki ile nafikiri ningerudishwa la tatu.

Binti yangu Lilian ameolewa na Mrisho, bwana shamba, mtu wa Pangani. Wanakaa kijiji kimoja cha ndani kabisa huko Tunduru, na wakati huo Lilian alikuwa na mimba ya miezi saba, mimba yake ya kwanza. Kijijini kwao mtandao haupo. Mpaka utembee nusu saa kwenda kwenye kilima fulani. Kwa hiyo Mrisho hufanya hivi: anarekodi sauti nyumbani, yeye anasema lake na Lilian anasema lake, halafu akifika kilimani ananirushia. Mimi nikiibonyeza, inafungukia kwenye ile ile pleya ninayosikilizia nyimbo za kwaya. Kupiga simu ni kubahatisha. Na hata ikipatikana, mtu na mkwewe wana nini cha kuongea? Yeye anasema shikamoo mama, mimi nasema marahaba baba, halafu tunasikilizana tunavyopumua.

Jumatatu ikaja sauti yake, safi kabisa. Lilian ana malaria, amelazwa zahanati, ametundikiwa dripu, mama usiwe na wasiwasi. Kuniambia mimi nisiwe na wasiwasi ni sawa na kuiambia Tukuyu isinyeshe.

Jumanne ndiyo siku Agness aliponipa habari ya Kisiba. Jioni yake nimekaa jikoni nachungulia simu kila mara kama mtu anayeangalia mkate unaookwa, mara kwenye kioo kikatokea kibao: Toleo jipya la pleya lipo tayari. Je, ungependa kusasisha? Chini yake maneno mawili, Ndiyo na Baadaye.

Mimi nina ugonjwa mmoja tangu shule. Swali likiwa limeandikwa, naona aliyeandika ananijua na anajua nakaa wapi, na nikikataa atakasirika. Halafu nikawaza, labda sauti ya Mrisho haijafika kwa sababu kuna kitu sijakikubali. Nikabonyeza Ndiyo. Bando langu karibu lote likaenda na hiyo ndiyo. Alama ya pleya ilikuwa ya kijani, ikawa ya zambarau. Nikaiona nzuri, nikamwonesha mume wangu Asajile.

"Nzuri," akasema, macho yakiwa kwenye sahani.

Asubuhi nikaweka kwaya huku namenya ndizi. Yesu wangu! Sauti ya kwanza ikatoka kama fahali watatu wamefungwa zizi moja. Wimbo unajikokota, unakwaruza, unatetemeka, wale mabinti wanaoimba juu kabisa wamekuwa wanaume wenye vifua. Mtu mwingine angesema simu imeharibika. Mimi nilisimama na kisu mkononi nikasema: hata kwaya imeshajua.

Imeshajua nini, sikujiuliza.

Ndipo simu ikalia, sauti ya Mrisho imeingia. Nikafuta mikono kwenye kanga, nikabonyeza. Ikatoka sauti ya kiume nene, kama gunia linaburutwa kwenye changarawe. "Mmmaaa... shshkk... Liiilliaaa... mmepaaa... afwwwee..." Halafu mngurumo mrefu, na nyuma yake kama mtu mwingine analia chini ya maji.

Afwile.

Kwa Kinyakyusa neno hilo likifika halihitaji mwenzake. Amefariki. Na mimi pale pale nikaliona lile pipa la Kisiba, na mwanangu yumo ndani.

Sikulia, nilipiga yowe. Anayezijua nyumba za Bulyaga zilivyosongamana anajua yowe la mwanamke mmoja linafika wapi. Agness ndiye aliyetangulia, kanga ameshaifunga kiunoni. "Nilisema mimi!" akasema, na nitasema ukweli, kwenye ile huzuni yake kulikuwa na kaushindi kadogo. Wakafuata wenye kuni, wenye mikungu ya ndizi, wenye masufuria makubwa. Vijana wa kanisani wakaleta turubai wakaanza kulikaza kwenye migomba. Shemeji Yohane, kaka wa mume wangu, alikuja moja kwa moja na kamba, akauliza achinjwe fahali gani.

Mume wangu walimwita kwenye shamba la chai. Akaja na kikapu chake mgongoni, kimejaa majani mabichi. Akaniangalia, nikatikisa kichwa. Akakaa kwenye kizingiti na kikapu kile kile mgongoni, hakukivua. Nikikumbuka hapo hata sasa kicheko kinaniisha.

Kila aliyeingia aliuliza, umepata habari vipi? Na mimi namchezea ile sauti. Ila kabla sijabonyeza namwambia, "Sikiliza, hapo mwanzoni anasema afwile." Basi mtu anainama, anasikiliza, anafunga macho. "Kweli, mama. Afwile. Pole sana." Hakuna aliyesikia kingine. Bibi Atuganile, ambaye sikio lake la kushoto liliacha kazi zamani, aliitegea lile la kulia akasikia kuliko wote.

"Anasema afwile," akatangaza, "na mtoto wake."

Yowe la pili likapigwa.

Katikati ya hilo la pili akaingia Siwema, fundi cherehani, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Ukoo wao ulikuja huku zamani kutoka pwani. Yeye kazaliwa hapa hapa Tukuyu, lakini Kinyakyusa chake kinaishia kwenye salamu. Aliingia na futi yake ya kupimia bado ipo shingoni, akanikumbatia, akalia na mimi vizuri tu. Halafu akasema, "Hebu na mimi nisikie."

Nikamchezea. Akakunja uso.

"Mama Lilian, mimi sisikii neno. Nasikia trekta."

"Anasema afwile."

"Afwile ndiyo nini?"

Wanawake wakatazamana. Agness akamjibu, "Amefariki! Umezaliwa Tukuyu, umekulia Tukuyu, hata hilo hulijui, gwe?"

"Kwa Kinyakyusa?"

"Kwa Kinyakyusa, sasa kwa kipi?"

Siwema akanigeukia mimi. "Mkweo mtu wa wapi?"

"Wa Pangani," nikasema.

"Kajifunza lini Kinyakyusa?"

Vijana wa turubai wakaacha kukaza, sufuria la maharage likawa linachemka bila wa kulikoroga. Kwa sababu Mrisho tunamjua wote. Siku alipokuja kujitambulisha, wazee walimwamkia "ugonile," yaani umeamkaje, na yeye akashika tumbo akajibu, "Ahsante, nimeshiba." Mtu wa namna hiyo, leo anipe habari za mwanangu kwa Kinyakyusa?

"Labda Lilian amemfundisha," Agness akasema.

"Akamfundisha hilo moja tu?" Siwema akauliza. "Mimi naona anasema afueni. Amepata afueni."

"Afueni ndiyo nini?" akauliza shemeji Yohane, kamba bado iko mkononi.

"Nafuu, shemeji. Mgonjwa kapata nafuu."

Sisi huku tunasema anaendelea vizuri, au hajambo kidogo. Hilo afueni nilikutana nalo darasa la sita kwenye kitabu, tukapishana, kila mtu na njia yake. Kumbe limenisubiri miaka yote hiyo lije kunikuta uani kwangu na turubai juu.

Nisiwafiche, sikufurahi. Niliogopa zaidi. Nilikuwa nimeshakaa ndani ya kile kilio, najua la kufanya, mikono imeshajua pa kwenda. Sasa Siwema kanisimamisha mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Nikampigia Mrisho. Namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Nikapiga tena, na tena. Yule dada wa haipatikani ndiye pekee aliyekuwa na sauti nzuri siku ile.

"Twende kwa kaka yangu," Siwema akasema. Kaka yake ni Hafidhi, fundi simu, ana kibanda karibu na stendi.

Mume wangu akanyanyua kichwa kwa mara ya kwanza. "Nendeni. Yohane, ng'ombe asiguswe mpaka warudi."

"Na watu hawa wale nini?"

"Yohane!"

Njia nzima watu wananipa pole, maana habari ilishatangulia. Nikawa naitikia ahsante. Ningesema nini? "Subirini kidogo" siyo jibu la pole.

Hafidhi alinipa kigoda, akaisikiliza ile sauti mara moja. Akachukua kibrashi akasafisha matundu ya spika, akapuliza. Ikawa vile vile. Akachomeka hedifoni akaniwekea masikioni, na sasa lile gunia likawa linaburutwa ndani ya kichwa changu.

"Nirushie kwangu," akasema. "Tuone simu nyingine inasemaje."

Akairusha kwenye simu yake, akabonyeza. Mmmaaa... shshkk... afwwwee. Ile ile. Nikasema basi, hata simu ya Hafidhi, ambayo haina ndugu hata mmoja wa Kinyakyusa, nayo inasema afwile. Siwema akanishika bega.

Hafidhi alikuwa anakuna kidevu. "Mama, humu kwako kuna wimbo wowote? Weka."

Nikaweka kwaya. Fahali watatu wakaanza.

Akauma midomo. Nilimwona anapigana na kicheko. "Mama, na hawa nao wamefariki?"

"Wapo," nikasema. "Jumapili si waliimba."

"Basi mgonjwa siyo aliyerekodi. Hizi siku mbili ulibonyeza nini kwenye hii simu?"

"Nilibonyeza Ndiyo."

"Ndiyo ya nini?"

"Sijui. Waliuliza."

Akaitazama ile alama ya zambarau kwenye simu yangu, halafu akaitazama ya kwake. Ya zambarau vile vile. Akajipiga paji la uso. "Na mimi niliapdeti juzi! Mimi fundi! Leo asubuhi wamekuja wateja wawili, wanasema spika zimekufa. Mmoja nimeshambadilishia spika nzima, na bado ameondoka analalamika."

"Kaka," Siwema akasema, "kumbe hii ofisi yote mnabonyeza Ndiyo."

Akatueleza, nami naeleza nilivyoelewa. Hili toleo jipya limekuja na kasoro, linaisoma sauti kwa mwendo usio wake. Sauti ikichezwa taratibu kuliko ilivyorekodiwa inakuwa nene, inakokota, na hapo katikati inakwaruza. Spika ni nzima, sauti ni nzima, msomaji ndiye hajui kusoma. Dawa yake ni kuliondoa hilo jipya na kurudisha la zamani. Hafidhi hulitunza la zamani kwenye memori kadi yake, kwa ajili ya simu za kizee.

"Ukiondoa, sauti ya Mrisho itabaki?"

"Itabaki, mama."

"Hafidhi, hiyo sauti ikifutika, na mimi unifute."

Akaona sitanii. Akainakili kwanza kwenye memori kadi, akanionesha kwamba ipo, ndipo akaliondoa toleo jipya. Alama ya zambarau ikapotea. Akaingiza la zamani, kikaanza kile kiduara kinachozunguka, kinazunguka, mimi nasali kwa lugha mbili. Alama ya kijani ikarudi. Hafidhi akanipa simu nibonyeze mwenyewe.

Hapo hapo kikatokea kibao. Toleo jipya lipo tayari. Je, ungependa kusasisha?

Na kidole changu, kina mama, kidole hiki hiki ninachoandikia, kikaenda chenyewe kwenye Ndiyo.

"Mama!" Hafidhi akaninyang'anya simu kama mtu anayemtoa mtoto wembe. Akabonyeza Baadaye, akaingia ndani ya mipangilio akaizima hiyo habari ya kujisasisha, akaishika simu yeye mwenyewe. Siwema alikuwa ameziba macho.

Akabonyeza.

"Mama, shikamoo. Ni mimi Mrisho. Lilian amepata afueni. Dripu wameitoa jana jioni, leo amekunywa uji bakuli zima, na mtoto anacheza tumboni, mama, mpaka nesi amecheka." Kitanda kikalia, halafu yule niliyedhani analia chini ya maji akaongea. "Mama, ni mimi. Mimi mzima. Sasa naomba usije ukawajaza watu hapo uani. Nakujua."

Hafidhi akatazama nje. Siwema akaanza kuikunja futi yake, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Mimi nikasema, "Rudia." Alipoirudia ndipo nikalia machozi, maana ya kule nyumbani yalikuwa makelele.

Tulirudi na spika ndogo ya Hafidhi, alinipa ili watu wote wasikie mara moja, nisiwe nazunguka na simu. Uani walikuwa wamejaa mpaka barabarani. Na safari hii sikumwambia mtu atakachosikia. Nikabonyeza tu. Sauti ya Mrisho ikapanda juu ya turubai, Lilian amepata afueni, watu wakasimama. Halafu likaja lile la Lilian, na mimi nilikuwa nimelisahau kabisa, usije ukawajaza watu hapo uani, nakujua, na spika ya Hafidhi ilikuwa na sauti kubwa sana.

Aliyeanza kucheka ni Bibi Atuganile, kwa sikio lake moja. Wakafuata wote. Wengine walicheka wakakaa chini. Mume wangu alisimama, akakivua kile kikapu, majani ya chai yamenyauka yote, akaingia ndani akafunga mlango. Nilimfuata. Alikuwa amekaa kitandani, uso kwenye mikono. "Usiniulize kitu," akasema. Nikakaa pembeni yake.

Chakula kilikuwa kimeshaiva, kikaliwa. Mwinjilisti aliyekuja na sala ya msiba ilibidi aigeuze palepale iwe ya shukrani, na aliigeuza vizuri, mahali pawili tu ndipo alipoteleza. Yohane alimrudisha fahali zizini, nikamsikia anamwambia, "Ndaga, pole sana, umepona kwa neno moja." Agness alinisaidia kuosha masufuria mpaka la mwisho. Akiwa anaondoka akanigeukia mlangoni.

"Lakini yule wa Kisiba," akasema, "yule ni kweli."

Tangu siku hiyo siitwi tena Mama Lilian. Sokoni ni Mama Afueni, kanisani ni Mama Afueni, hata watoto wanaonunua ndizi moja. Neno ambalo nusu ya Bulyaga hawakulijua sasa wanalijua wote, na ni kwa gharama yangu. Lilian alijifungua salama miezi miwili baadaye, mtoto wa kike. Mrisho akarekodi sauti, safi kabisa, akasema wangependa bibi wa huku atoe jina. Nikawajibu watoe lolote wanalotaka, isipokuwa moja wanalolijua. Wakamwita Rahma. Sauti ya kwanza ya kilio chake ninayo kwenye simu, na naisikiliza kwa pleya ya kijani.

Sasa, kina mama, haya ndiyo ya kuepuka:

Usibonyeze Ndiyo kwenye swali usilolielewa. Baadaye ipo, imewekwa kwa ajili yetu.

Usibadilishe pleya wakati una mgonjwa.

Sauti ikitoka nzito usipige yowe. Weka kwanza wimbo unaoujua. Wimbo nao ukiwa mzito, tafuta fundi arudishe pleya ya zamani.

Usikubali kubadilishiwa spika kabla hilo halijajaribiwa, hata kama fundi ni mtu mzuri.

Usiruhusu kitu kiondolewe kwenye simu kabla sauti ya mtoto wako haijanakiliwa pembeni.

Usimwambie mtu atakachosikia kabla hajasikia.

Usimsikie mkweo akiongea lugha asiyoijua.

Usimwache mumeo akae na kikapu mgongoni kwa habari ambayo hujaihakikisha.

Usiicheze uani sauti ambayo hujaisikiliza peke yako mpaka mwisho.

Na mtu akikuambia habari ya mama wa Kisiba, muulize jina.